Kizimba cha Shemasi Peaslee

Zenas Tuttle hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, akitoka mlangoni hadi kwenye fuawe na kurudi, na watu wa Tansbury walishazoea kuzungumza naye huku wanageuza shingo kumfuata. Walipompa kazi ya kung'oa vizimba vya chuma vilivyozungushiwa maeneo ya familia kule makaburini, wengi walisema kazi imempata mwenyewe. Kilima kizima cha kuzunguka, na hakuna wa kumwambia keti.

Vizimba vyenyewe vingi alikuwa amevifua yeye, enzi za ujana wake, wakati kila familia yenye jina ilitaka wafu wake wafungiwe kwa chuma chenye mikuki na majani ya kufuliwa. Alijua kila kimoja udhaifu wake uko wapi. Alijua nguzo ipi ilimiminiwa risasi ya kuyeyushwa kidogo kuliko inavyopasa kwa sababu siku hiyo kulikuwa na baridi na vidole vimekufa ganzi. Alianza chini, kwenye bwawa, theluji ilipoisha. Akapanda polepole, anakata, anang'oa kwa mtaimbo, anarundika kwenye mkokoteni, farasi anashusha. Majira ya joto yalipoingia alikuwa amefika upande wa juu, na nyuma yake kilima kilikuwa kijani kitupu, mawe yamesimama kwenye majani kama watu walioamka na kukuta nyumba imeondolewa.

Msimamizi wa makaburi alikuwa Mskoti mmoja, Bwana McAuslan, mtunza bustani tangu utotoni, ambaye hakuwa amemaliza hata miaka mitatu mjini. Yeye ndiye aliyeleta mashine ya kukata majani ya kukokotwa na farasi, na yeye ndiye aliyesema vizimba vitoke.

"Mtu akiingia langoni aone majani," alipenda kusema. "Asione jela ndogondogo."

Familia nyingi zilikubali upesi. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu na hakuna aliyetaka kupanda kila mwaka na kopo la rangi. Upande wa juu kikabaki kimoja tu, penye kona ya Njia ya Mialoni, chini ya mwaloni mkubwa.

"Kimebaki kile," McAuslan alisema, akielekeza kwa kiko chake.

"Nakiona."

"Yule bibi hataki. Nimemwendea mara mbili. Nikamwambia kila familia inayokubali inaongezewa ule ukanda wa nje, kati ya kizimba na njia, bure kabisa. Mara ya pili hakunifungulia hata mlango. Alisema nami dirishani kama nauza sufuria."

"Ndivyo walivyo hao."

"Unawajua?"

Zenas alikuwa ameshaanza kuondoka. Akarudi, akaondoka tena, akarudi. "Nilioa mmoja wao."

"Loo. Yuko wapi sasa?"

"Hujawahi kumkatia majani," Zenas alisema. "Mashine yako haiingii. Yumo mle ndani."

McAuslan akatoa kiko mdomoni. Akakitazama kile kizimba, majani yake yamefika kiunoni, kisha akamtazama mhunzi wake. "Basi wewe ni jamaa. Nenda wewe ukaseme naye."

"Mimi? Akiniona mimi ataagiza kizimba cha pili."

Habari ya kizimba kile ilianza na nguruwe. Zamani Tansbury ilizika watu wake uani mwa kanisa, katikati ya mji, kaburi juu ya kaburi, hadi mchimbaji akawa hachimbi bila kugonga mtu. Kiangazi watu walikwenda ibadani na vitambaa puani. Ng'ombe waliingia, mbwa waliingia, na asubuhi moja Shemasi Eliphalet Peaslee, akielekea kusali, alimkuta nguruwe wa jirani anafukua kwa pua yake palepale alipolala mama yake. Alimpiga yule nguruwe kwa Biblia. Watu walicheka kwa miaka, lakini si mbele yake.

Kwa hiyo waungwana wa mji waliponunua kilima nje ya mji, wakachimba bwawa, wakapanda miti, wakapindisha njia makusudi ili mtu asione mwisho wake, na kutangaza kwamba wafu sasa watalala bustanini, shemasi alikuwa wa kwanza kununua eneo la familia. Akamhamisha mama yake. Kisha akaenda kwa mhunzi kijana aliyekuwa akimchumbia binti yake Asenath.

"Nifulie kizimba," alimwambia. "Nguruwe asipite. Wala sungura. Na lango lenye kitasa."

Zenas alikifua kile kizimba majira yote ya baridi. Alitia humo kila alichokijua na vingine alivyojifunza humohumo, kwa sababu ya Asenath. Mikuki juu, majani ya mwaloni katikati, na kitasa cha ndani ya lango, kizito, chenye ufunguo mmoja. Shemasi alikijaribu, kikalia tak, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Zenas na Asenath waliozeshwa mwaka uliofuata.

Asenath alikufa kwa homa ya mapafu, mwezi wa Januari, hawajamaliza hata mwaka wa tatu wa ndoa. Zenas hakuwa na eneo kilimani. Kijana gani hununua kaburi? Baba mkwe akasema binti yake atalala kwao. Lakini Januari ardhi ya kule ni jiwe, haichimbiki. Wafu wa baridi huwekwa kwenye chumba cha mawe kilichochimbwa ubavuni mwa kilima, wanangoja. Ardhi ikilainika, kila familia huitwa, ikazika mtu wake kwa heshima, na kutokuwepo siku hiyo ni aibu kuliko kutokuwepo siku ya kifo. Kila mtu Tansbury alijua ardhi hulainika mwisho wa Aprili. Miaka mingine Mei.

Zenas hakuweza kukaa nyumbani mle. Kiti cha Asenath kilikuwepo, shali yake ilikuwepo, na yeye alizunguka hata jirani wa chini akalalamika. Februari akafunga vyombo vyake akaenda mji wa kaskazini, ambao nao ulikuwa umepata tamaa ya bustani ya wafu na ulitaka vizimba. Alipiga hesabu yake ya barafu kama ambavyo mtu yeyote wa Tansbury angepiga: nitarudi kabla haijayeyuka.

Mwaka ule mvua ya joto ilinyesha mwezi wa Machi. Chumba cha mawe kilianza kupata joto na haikuwezekana kungoja. Walituma mtu kumwita, mtu akakuta Zenas ameshahamia kazi nyingine mji wa mbele zaidi. Aliporudi, akiwa na tope hadi magotini, alikuta tuta jipya la udongo, na lango limefungwa kwa kitasa alichokitengeneza mwenyewe.

Alikwenda nyumbani kwa shemasi. Mzee alisimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Mke wako alikungoja mle jiweni hadi ikawa haiwezekani," alisema. "Ukitaka kumwona, ufunguo ninao."

Akafunga mlango.

Zenas aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia nyundo ikidondoka mguuni. Hakuuomba ufunguo. Kila Jumapili asubuhi, tangu siku ile, alipanda kilimani akazunguka kizimba. Alizunguka shemasi alipokuwa hai, alizunguka baada ya shemasi mwenyewe kuingizwa mle, na ufunguo kwenda kwa binti mkubwa, Keziah, ambaye hakuolewa. Upande wa Asenath, kati ya chuma na njia, palikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi ambao haukuota majani tena. Ni buti zake zilizoula.

Kitasa angeweza kukifungua kwa msumari uliopinda, akiwa amefumba macho. Hakukigusa hata siku moja.

Yote hayo angeweza kuendelea nayo. Kilichomsumbua sasa ni kifua. Baridi iliyopita alikohoa hadi Pasaka, na katika kukohoa akaanza kujiuliza atalazwa wapi. Alimwuliza McAuslan kama kwa mzaha. McAuslan akamjibu bila mzaha kwamba juu kumejaa. Nafasi zipo kule nyuma ya bwawa, penye matope. Tangu siku hiyo Zenas hakulala vizuri. Mwanamume aliyefua nusu ya chuma cha kilima hicho angelala peke yake penye vyura, na mkewe juu kule, ndani ya chuma chake, akiwa na nafasi moja tupu ubavuni, ambayo kila mtu alijua ni ya nani.

Jumamosi alikwenda kwa Keziah. Alipita mbele ya nyumba mara tatu kabla ya kubisha mlango wa jikoni.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Sauti yangu unaijua, Keziah."

"Najua sauti nyingi. Nyingine nazijua na sizifungulii."

Lakini alifungua, upawa mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele zimevutwa nyuma mpaka paji la uso linang'aa. Jikoni palinukia maharage ya Jumamosi, yanaiva polepole ndani ya chungu kwenye jiko, na nyama ya nguruwe na asali ya miwa.

"Pangusa buti. Kaa."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa, unanizungushia kichwa. Marehemu mdogo wangu alikuwa akisema kuolewa na wewe ni kama kuolewa na mlango usio na komeo."

Zenas akakaa ukingoni mwa kiti. Goti lake likaanza kucheza, na vikombe kabatini vikaanza kulia naye. Keziah alivitazama vikombe, kisha goti.

"Umekuja kwa ajili ya kizimba."

"Ndiyo."

"Jibu ni lilelile nililompa Mskoti wako."

"Kitaanguka chenyewe, Keziah. Kona ya juu imeshainuka."

"Ulikifua wewe. Kikianguka aibu ni yako."

"Kimeinuliwa na mizizi ya mwaloni, si mimi!"

"Sawa, aibu ni ya mwaloni." Akakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. "Baba alikitaka kwa sababu. Unaikumbuka sababu."

"Tansbury hakuna nguruwe anayezurura tangu baba yako ana meno yake."

"Wapo wa miguu miwili. Huwaoni Jumapili? Wanapanda na vikapu vyao, wanakula kuku juu ya watu. Juzi nimemkuta mwanamume kalala juu ya Jaji Whitlow, kofia usoni, anakoroma. Jaji chini, yeye juu, sijui nani alikuwa anapumzika zaidi. Unataka wamlalie baba hivyo? Wamlalie Asenath?"

Zenas akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani na yote yalikuwa yamemwacha.

"Mle ndani pamebaki nafasi ngapi?"

Upawa ukatulia. "Moja."

"Ubavuni mwake."

"Ubavuni mwake, ndiyo. Upande wa pili ni chuma. Na hiyo moja ni yangu, Bwana Tuttle. Nimemlea yule mtoto tangu mama alipotutoka. Nilimwosha alipozaliwa na nilimwosha alipokufa. Usije ukaniomba."

"Sijakuomba."

"Uko karibu."

"Mimi ndiye mumewe!"

"Basi ungekuwepo!" Alilisema hilo kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua. Akaweka upawa chini. "Na kama una haraka ya kuingia mle, kitasa ni kazi yako. Nani alikuzuia?"

"Mimi si mwizi."

"Hapana. Mwizi huja. Wewe ni mtu wa kuondoka."

Akaondoka, basi. Alikuwa ameshafika barabarani alipokumbuka kwamba hakufunga mlango, akarudi akaufunga, Keziah akimtazama kutoka ndani, kisha akaondoka mara ya pili. Siku nzima alipigapiga kipande cha chuma ambacho asubuhi hakikuwa chochote na hata jioni hakikuwa kitu.

Jumapili alijiambia hatapanda. Alipanda. Kwa kawaida alikwenda asubuhi, watu wakiwa kanisani, naye Keziah alikwenda baada ya chakula cha mchana. Hawakuwahi kupatana juu ya hilo. Ilijipanga tu, na hawakuwahi kukutana. Jumapili hii Zenas hakuweza kuondoka. Alizunguka. Alitazama majani marefu mle ndani, na kama kila mara akaona maua yaliyokauka yametawanyika ovyo, mengine juu ya shemasi, mengine pembeni, shada moja limeoza kwenye kona. Kwa miaka alikuwa akiyaona yale maua na kumdharau shemeji yake. Mtu ana ufunguo, anaingia, na anayatupa maua kama makapi.

Familia zikaanza kupanda na vikapu. Watoto wakakimbilia bwawani. Zenas akasogea nyuma ya mwaloni, akazunguka mwaloni.

Ndipo Keziah akatokea penye kona, anahema, mwavuli mkono mmoja, maua ya zambarau ya uani kwake mkono wa pili. Hakwenda langoni. Alisimama upande wa chini wa kizimba, akatazama huku na huku kama watu wapo, akaurudisha mkono nyuma na kurusha. Shada likagonga mkuki, likanasa juu. Akalisukuma kwa mwavuli. Halikufika. Akaruka kidogo, mwanamke wa umri ule, kofia ikamkaa upande, akalisukuma tena.

"Mbona unayatupa?" Zenas akasema.

"Mungu wangu!" Alishika kifua. "Umejificha nyuma ya mti kama mlevi! Mtu mzima!"

"Mbona huingii ukayaweka?"

Keziah alinyoosha kofia. Alinyoosha glovu. Alipokosa kingine cha kunyoosha akasema, "Kitasa chako hakifunguki."

"Hakifunguki vipi?"

"Hakifunguki! Ufunguo unaingia, hauzunguki. Nimetia mafuta ya nyangumi. Nimetia mafuta ya nguruwe, baba anisamehe. Nimesali."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa ile theluji iliyofunika madirisha."

"Keziah! Hiyo ni miaka!"

"Najua kuhesabu."

"Na hukuniambia? Mji mzima mhunzi ni mimi!"

"Nikwambie nini?" Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu. "Njoo unifungulie lango tulilokufungia wewe? Ningeanzaje? Hebu niambie, sentensi hiyo inaanzaje?"

Zenas alizunguka hadi langoni, na kwa mara ya kwanza tangu alipolitundika, akaligusa. Halikuhitaji mtaalamu. Mzizi ulikuwa umeinua nguzo ya kulia, lango limebanwa, na ulimi wa kitasa umepinda ndani ya tundu lake. Hata msumari wake usingefaa kitu. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Keziah akaweka ufunguo kiganjani mwake. Aliujaribu kwa ajili ya kuujaribu tu. Kisha akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akaegemea chuma mpaka kipite.

"Unacheka nini?"

"Miaka yote hii nilidhani wewe uko ndani na mimi niko nje."

Keziah hakucheka, lakini mdomo wake ulisogea. Akaja akasimama kando yake, mbali kidogo. Akawa anatazama mle ndani.

"Baba alikuwa akipanda huku kila Jumatatu," alisema. "Unajua kwa nini? Alikuja kuangalia kama umeingia. 'Kitasa ni chake,' alikuwa akisema. 'Siku akimtaka kweli atakifungua.'"

"Aliniambia ufunguo anao yeye."

"Ndiyo. Alitaka uuombe. Ulipokosa kuuomba akataka ukivunje. Alishakasirika kwa moja akaanza kukasirika kwa jingine. Ukawa hufanyi hili wala lile."

"Nilizunguka."

"Nimeona ulizunguka. Njia yako hiyo hapo."

Wakaitazama wote wawili: ule ukanda mtupu upande wa Asenath, umekanyagwa mpaka umekuwa kama sakafu, kati ya mikuki na njia ya changarawe. Zenas akaanza kuutembea bila kujua, kwenda na kurudi, na akiwa katikati Keziah akamsimamisha kwa mwavuli tumboni.

"Ngoja. Chuma hiki kikitoka, hapa panakuwa pa nani?"

"Penu. McAuslan anasema mwenye eneo anaongezewa."

"Hakuniambia."

"Alikwambia. Ulikuwa umefunga dirisha."

Keziah aliulaza mwavuli chini kukatiza ule ukanda, akaupima, akaugeuza akaupima tena, midomo inamchezacheza. Mtoto mmoja akapita akikimbia na paja la kuku mkononi, naye Keziah akamwangalia mpaka akapotelea kona. Zenas alisimama. Hakuthubutu kusogea, na kusimama kule kulimuuma kama jino.

"Mimi huku," Keziah akasema hatimaye, akionyesha ndani. "Yeye katikati. Wewe huku kwenye vumbi lako."

"Keziah."

"Sijasema ndiyo. Nina masharti. Farasi wa Mskoti hakanyagi mle mpaka wewe ukate majani yote kwa mkono wako. Lango haliendi kuyeyushwa, linaletwa kwangu, nitapandishia maharage uani. Na ukimwona mtu amemlalia baba, unamwondoa, na sitaki kujua umemwondoaje."

"Sawa."

"Na ukifa Januari usitegemee kungojwa. Nikiona jua nakuzika, mtu awepo asiwepo."

"Nitakuwepo," Zenas alisema.

Jumatatu alifika na msumeno wa chuma na tindo kabla umande haujakauka. Alianza na upande wa chini, akaja na wa juu, akauacha wa Asenath mpaka mwisho, wala hakujua kwa nini. Mikuki aliyoifua kwa majira mazima ya baridi ilikatika kwa asubuhi moja. Kutu ilimwingia machoni. Nguzo ya mwisho ilipolala, hapakuwa na kitu tena kati yake na jiwe la mkewe, naye akabaki amesimama kwenye mstari ule ule, mtaimbo mkononi, kama farasi aliyefunguliwa hatamu na hajui.

Kisha akavuka. Alifika penye jiwe, na hapo hakujua mikono aipeleke wapi. Alikuwa ameshasema naye kila alichokuwa nacho kwa kupitia chuma, Jumapili baada ya Jumapili. Akapiga magoti akaanza kung'oa majani. Aling'oa ya Asenath, akang'oa ya mama mkwe, akasita kwenye ya shemasi.

"Haya, mzee," akamwambia. "Nimeingia." Akang'oa na yake, kwa nguvu kuliko ya wengine.

Keziah alipanda saa ya chakula na mkate mweusi na maharage yaliyobaki. Alikuta kilima kiko wazi. Alisimama pale palipokuwa lango, akainua mguu kama anayevuka kizingiti, akaingia. Aliyaokota maua yake makavu, yote ya miaka ile, moja moja, akayafungia kwenye aproni.

"Hebu lala," akasema.

"Nini?"

"Lala kwenye ukanda wako, tuone kama unaenea. Sitaki siku hiyo tuje tugundue ni mfupi."

"Watu wanapita, Keziah."

"Wanakula kuku, wanakoroma, wewe ndiye utakayewashangaza? Lala, shemeji."

Alikuwa hajamwita hivyo tangu mazishi ambayo hakuyahudhuria. Zenas akavua kofia, akalala chali kwenye ardhi yake ngumu. Upana ulimtosha, mabega yakawa sawasawa na ya mkewe upande wa pili. Lakini alikuwa mwanamume mrefu, na buti zake zikatoka zikalala juu ya changarawe ya Njia ya Mialoni.

"Umezidi," Keziah alisema.

"Nitakunja magoti."

"Nani atakayekukunja?"

Farasi akasikika penye kona, na mashine ya majani nyuma yake, na McAuslan nyuma ya mashine. Alivuta hatamu kwa ghafla. Akatoa kiko mdomoni.

"Amekufa?"

"Bado," Keziah alisema. "Tunampima. Miguu yake iko kwenye njia yako."

McAuslan akatazama miguu. Akatazama njia, ilivyopinda upande huu na upande ule hadi ikapotea kwenye miti. "Njia itasogea kidogo," alisema. "Ikipinda mara moja zaidi, hakuna atakayejua."

Zenas alikuwa amefumba macho. Jua lilikuwa juu ya uso wake, na udongo ulikuwa wa moto mgongoni. Goti lake la kulia likaanza kucheza.

Keziah akaweka ncha ya mwavuli juu ya goti.

"Tulia," alisema. "Hebu jaribu."